Mshtakiwa Bila Mlalamikaji

Mke wangu hafungi mlango. Mlango wa chumba, wa jikoni, wa bafu hata akiwa ndani, yote huachwa wazi, na ukimuuliza kwa nini, atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Alilelewa katika kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala, kwenye nyumba ya bati ya chumba kimoja, na kambini mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana mbili tu: ndani kuna mgonjwa, au ndani kuna mtu anapigwa. Mimi nilikulia Kenya, katika nyumba ya mwalimu mkuu, ambako mlango uliofungwa ulimaanisha baba anasoma na atakayegonga ajitayarishe. Nilipooa nilidhani mapenzi yangeshughulikia suala la milango. Nilikuwa na shahada mbili na bado nilidhani hivyo.

Yeye ana duka la jumla katika soko la Kikuubo, la mabeseni na ndoo za plastiki, na kutwa nzima anapaza sauti kushinda majirani wanaouza mabeseni na ndoo za plastiki. Akirudi nyumbani huwasha televisheni na redio kwa pamoja, huwapigia simu dada zake wote, kisha hupika sufuria ya kulisha zamu nzima ya askari, kwa sababu huwezi kujua nani atapita. Mimi nafundisha chuoni. Nikirudi nyumbani ningependa dunia nzima iwe maktaba. Yeye akikasirika husema yote mara moja, na kabla chai haijachemka amesahau. Mimi sigombani. Mimi huandika barua. Niliwahi kumwandikia mke wangu barua ya kurasa nne, yenye vichwa vidogo vya habari, kuhusu redio. Aliisoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa wa mwisho kuona kama kuna zaidi, kisha akaniuliza, "Kale, Mwalimu, sasa mimi nimepata ngapi?"

Kale, kwa watu wa hapa, ni sawa, ni haya basi, ni nimekusikia na sitabadilika. Nimeambiwa kale kwa miaka kumi na tisa.

Katika miaka hiyo hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyetoka nje ya ndoa, hakuna aliyelala na njaa. Tulichoka tu. Binti yetu wa pekee alipokwenda chuo kikuu Mbarara, tulibaki wawili mezani Jumamosi moja asubuhi, redio ikiwa katikati yetu kama mtoto wa pili, na mke wangu akasema, "Mimi nimechoka, na wewe umechoka. Tuachane vizuri." Nilikubali kabla hajamaliza. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana bila majadiliano tangu rangi ya geti. Tulimpigia simu binti yetu kwa uangalifu mkubwa, nikiwa nimeandika pembeni mambo ya kumwambia. Akasema, "Mimi nilidhani mnangoja nimalize mitihani."

Kuachana, basi, hakukunitisha. Aliyenitisha ni mzee mmoja anayekaa chini ya kilima cha Naguru.

Baba mkwe wangu ni askari mstaafu. Ni mtu wa kaskazini, wa Lira, aliyetumikia polisi tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe, na jirani zake wote bado wanamwita Afande. Kuku akipotea, wapangaji wakigombania kamba ya kuanikia nguo, wanakwenda kwake kabla ya kwenda kituoni. Yeye hufungua kauntabuku lake la jalada gumu na kuchukua maelezo, mtu mmoja mmoja, mbali na mwenzake, halafu kila mmoja husomewa na kutia sahihi. Maandishi yake ni makubwa kama ya ubao wa darasani kwa sababu macho yamemchoka. Herufi ndogo za gazeti zimemshinda kabisa, na ndiyo maana kila Jumapili mchana, kwa miaka mingi, mimi huenda kumsomea. Huanza na habari za mahakama. Husikiliza akiwa amefumba macho, na akisikia jinsi mshukiwa fulani alivyokamatwa, husema, "Hapo walifanya vibaya," na kunieleza wangefanyaje. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kunieleza kitu mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo nilichotaka kilikuwa hiki: niachane na binti, nibaki na Jumapili.

Tulienda kwa wakili pamoja, kwa gari moja, na hilo likawa kosa letu la kwanza. Ofisi yake iko Wandegeya, juu ya maduka ya kuchapisha, na yeye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Niliwahi kumkata alama kwa kuandika madai bila ushahidi, na naamini siku hiyo aliikumbuka.

"Mmoja wenu atoke nje," alisema. "Siwezi kuwashauri wote wawili. Mkija hivi, jaji atasema mmekula njama, na ombi litatupwa."

"Lakini tumekubaliana," nikasema.

"Hilo ndilo tatizo, Mwalimu."

Mke wangu alishuka kwenda kula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, akaacha mlango wazi. Nikauinukia, nikaufunga.

"Sababu yenu ni nini?" wakili akauliza.

"Hatuendani."

"Hayo ni maelezo. Mimi nataka sababu. Sheria inataka kosa: uzinzi, ukatili, au mmoja amemtelekeza mwenzake. Siku hizi wapo majaji wanaokubali kwamba ndoa ikishavunjika imevunjika. Wapo wasiokubali. Mimi faili ya mteja siichezei bahati nasibu." Akanitazama juu ya miwani. "Madai yanahitaji ushahidi. Ulitufundisha wewe."

Tukakubaliana, mimi na mke wangu, tukiwa tumekaa kwenye gari mbele ya duka la fotokopi, kuhusu nani awe mwovu. Uzinzi tuliukataa wote wawili. Mimi kwa heshima, yeye kwa kicheko. "Wewe? Na nani? Na mlango umefungwa, huyo mwanamke angeingilia wapi?" Kutelekezana hakukuwezekana kwa kuwa tulilala nyumba moja. Ukabaki ukatili. "Basi wewe ndiye mkatili," akasema. "Mimi nina wateja. Wewe wanafunzi wameshazoea."

Rasimu ya ombi ilikuja baada ya wiki. Ilisema kwamba mlalamikiwa, kwa makusudi na kwa muda mrefu, alijifungia chumbani saa nyingi kila siku, akimnyima mwenzake maongezi; kwamba alitumia barua ndefu kumdhalilisha; kwamba ukimya wake ulimletea mlalamikaji maumivu ya akili. Niliisoma mara mbili. Sijawahi kuandikwa kwa usahihi namna hiyo, wala kwa uongo namna hiyo. Hakuna hata tukio moja lililobuniwa, na bado mtu yule nisingemkaribisha chai.

Kabla ya mke wangu kuitia sahihi ilibidi mzee aambiwe. Njiani tukapanga. Yeye angesema mimi ni mgumu kuishi naye. Mimi ningeinamisha kichwa.

"Nimwambie maneno gani hasa?" akauliza, akiendesha kwa mkono mmoja.

"Sema ninajitenga. Sema ni ukatili wa kiakili."

"Nikimwambia Baba ukatili wa kiakili ataniuliza ulitumia silaha gani."

Mzee alitusikiliza kwa dakika moja, tukikatizana maneno, kisha akainua kiganja kama anasimamisha lori. "Ngoja. Kesi iko na watu wawili. Mlalamikaji na mshtakiwa. Hapa nani ni nani?"

"Mimi mshtakiwa," nikasema haraka kuliko ilivyofaa.

Akafungua kauntabuku. Mimi nikatolewa nje, nikakaa karibu na tangi la maji pamoja na kuku wake, ambao pengine waliwahi kuwa vielelezo. Mke wangu alikaa ndani muda mfupi. Kisha akatoka, hakunitazama, nikaitwa mimi.

"Ulimfanya nini?"

"Nilimfanyia ukatili, Mzee."

"Ulimpiga?"

"Hapana."

"Ulimtukana?"

"Hapana. Niliandika barua."

"Barua ya matusi?"

"Barua ya ushauri."

Aliandika, polepole, ulimi ukitokeza kidogo pembeni ya mdomo. "Tena?"

"Nilifunga mlango."

Kalamu ikasimama. Niliona bega lake likinyanyuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona askari ambaye wengine walimwogopa. "Ulimfungia binti yangu ndani?"

"Hapana, Mzee. Nilijifungia mimi."

Akaandika huku akitamka kila neno: "Alijifungia, yeye, mwenyewe."

Akamwita mke wangu ndani, akanisukumia kauntabuku. "Soma, Mwalimu. Wewe ndiyo macho yangu. Anza na ya binti yangu."

Nikasoma kwa sauti ileile ninayosomea gazeti. Maelezo ya mke wangu yalikuwa mistari michache mikubwa. "Nimeolewa miaka kumi na tisa. Mume wangu hajanipiga, hajanitukana, hajaninyima kitu. Nikiugua anakaa macho. Hatuendani. Yeye si mtu mbaya, ni mtu wa nyumba nyingine. Sina malalamiko."

Chini yake sahihi yake, iliyoinama kulia kama kawaida. Nikageuza ukurasa, nikalazimika kusoma maelezo yangu mwenyewe, yaani ukiri wa ukatili wote nilioufanya dhidi ya mtu ambaye alikuwa amekaa pembeni akichezea ufunguo wa gari.

"Mimi," mzee akasema nilipomaliza, "nimeona mlalamikaji bila mshtakiwa. Mwizi amekimbia, unafanya nini, unaandika tu. Lakini mshtakiwa bila mlalamikaji, hii ni ya kwanza." Akachukua kalamu tena. "Hakuna kosa. Isipokuwa moja, ya Mwalimu, kumpa polisi taarifa ya uongo. Hiyo nasamehe. Nendeni nyumbani."

Tulipofika barabarani nilimuuliza mke wangu kwa utulivu, utulivu ule ambao yeye huuchukia kuliko kelele, kwa nini amevunja makubaliano.

"Siwezi kukuuza kwa Baba," akasema.

"Tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa naendesha."

Baada ya hapo hakutaka kutia sahihi. Si kwa sababu alitaka kubaki, alinieleza vizuri sana kwamba hakutaka kubaki, bali kwa sababu alikwisha kutia sahihi moja, na mtu aliyelelewa kambini hatii sahihi maelezo mawili yanayopingana. Nikamrudia wakili. "Basi wewe umshtaki yeye," akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu. Nikakaa chini mchana mmoja na kujaribu. Niliandika kwamba mlalamikiwa huwasha televisheni na redio kwa pamoja. Kwamba hawezi kupika chakula cha watu wawili. Kwamba hukaribisha ndugu, jirani na mafundi bila taarifa, na hula nao, na hucheka nao kwa sauti. Kufikia ukurasa wa pili ilikuwa inasomeka kama barua ya kumpendekeza mtu kwa kazi. Niliichana.

Tukaendelea kukaa nyumba moja, watu wawili waliokwisha kuagana. Kuna uchovu wa kuishi na mtu usiyeendana naye, huo niliuzoea. Sikujua kuna uchovu mwingine juu yake, wa kuishi naye huku mmekubaliana. Hata sababu ya kununa sikuwa nayo tena. Redio ilipopigwa nilijiambia ni ya muda tu, na neno hilo likanikera kuliko redio. Jumapili sikwenda Naguru. Niliona aibu: nilikuwa nimemdanganya mzee usoni, na yeye alikuwa ameandika. Jumapili ya pili pia sikwenda. Nikaanza kuelewa kwamba ningeweza kumpoteza hata bila talaka, na hivyo kupata hasara zote mbili kwa mpigo, jambo ambalo linalingana na namna ninavyoendesha mambo yangu.

Alhamisi moja, saa nane mchana, boda boda ilisimama getini. Mzee alishuka akiwa amevaa koti, kauntabuku ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nimekuja kuona mahali pa tukio," akasema.

Mke wangu alikuwa amefunga duka mapema siku hiyo, kwa hiyo wote tulikuwepo. Mzee alikataa chai kwanza, jambo lililotutia hofu. Akaomba kiti, akakiweka ukumbini, pale unapoona sebule, jikoni na mlango wangu kwa pamoja. "Fanyeni kama siku zote," akatuamuru. "Mimi sipo."

Jaribu kuishi kama siku zote mbele ya askari aliyekaa ukumbini. Lakini baada ya nusu saa, nakiri, tulimsahau. Redio ikawashwa, televisheni ikafuata. Jirani akaja kuomba chumvi akakaa mpaka akapewa sahani. Mimi nikaingia chumbani na insha zangu, nikafunga mlango, nikatoka kuchukua kalamu, nikafunga tena, nikatoka kuchemsha maji yangu kwenye birika langu. Tuna mabirika mawili. Sikuwa nimewahi kuliona hilo kama jambo la kuandikwa.

Saa kumi na mbili kasoro alituita. Alikuwa amechora ramani ya nyumba, kama anavyochora askari ajali ya barabarani, kuta zote mahali pake. "Andika hapa pembeni, Mwalimu, herufi ndogo zinanishinda. A ni jikoni. B, televisheni. C, mlango wako. Mstari mnene ni binti yangu. Mstari wa nukta ni wewe."

Niliandika. Mstari mnene ulizunguka upande mmoja wa nyumba, mwingi na uliojaa kama uzi wa kusuka. Ule wa nukta ulikwenda na kurudi upande wa pili, mwembamba, kando ya ukuta. Mistari hiyo iligusana mahali pamoja tu, mbele ya friji, na hapo mzee alikuwa ameweka msalaba mdogo.

"Hapa," akasema. "Saa kumi na dakika ishirini. Mlikutana. Mlisemaje?"

Tulitazamana. Mimi sikukumbuka.

"Alisema samahani," mke wangu akajibu.

"Kwa nini?"

"Alikuwa kwenye njia yangu."

"Na wewe ulisema?"

"Nilisema hakuna shida."

Akayaandika yote mawili, samahani na hakuna shida, kwa herufi zake kubwa, na ukurasa ukajaa. Kisha akaikubali chai. Mke wangu alikaa sakafuni karibu na miguu yake, akazima redio mwenyewe, bila kuambiwa, na nikamwona ana mvi pale juu ya sikio. Mimi nilikaa kwenye ncha ya kiti nikingoja hukumu.

"Mimi na mama yenu hatukuendana hata kwa Mungu," mzee akaanza. Mama mkwe wangu marehemu alikuwa Mwislamu wa Arua. Yeye mwenyewe ni Mkatoliki, na mmoja alikufa, mwingine akazeeka, bila yeyote kusogea hata hatua moja. "Kila siku kelele. Lakini chumba ilikuwa moja. Ukigeuka, unamgonga. Sasa huwezi kumgonga mtu kila siku halafu usimjue. Nyinyi hamgongani." Akanywa. "Nilidhani hakuna kosa, basi mrudi nyumbani. Nimefikiri tena. Nilikosea."

Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo kuhusu mtu yeyote isipokuwa washukiwa.

"Polisi iko na saa arobaini na nane," akasema. "Umemkamata mtu, saa arobaini na nane, unampeleka mahakamani au unamwachia. Huna shtaka, huwezi kumweka ndani eti kwa sababu yuko kimya na anakula vizuri. Hakuna kosa, maana yake nini? Maana yake fungua mlango." Akatugeuzia kauntabuku. "Tieni sahihi. Ndugu wa kaskazini nitawaambia mimi. Nani atanibishia, nimechora ramani."

Mke wangu alitia sahihi kwanza. Alilia kidogo, bila sauti, akaazima kitambaa changu cha kufutia miwani, hakunirudishia. Mimi nilitia sahihi chini ya msalaba ule wa friji. Mzee alipokuwa akivaa koti, aliniita kwa kidole.

"Mwalimu. Jumapili mbili gazeti sijasikia."

"Nilidhani, Mzee—"

"Nani alikuuliza ulidhani nini? Uje."

Wakili aliposikia habari ya ramani alivua miwani. Tumeandika ombi jipya, lisilo na mwovu ndani yake, linalosema tu kwamba ndoa imevunjika, na mzee ameapa hati ya kiapo, na ramani imeambatishwa. Mke wangu ana wakili wake, ambaye kwa mujibu wa maelekezo yake hapingi chochote. Ombi linaweza kukataliwa. Mara ya kwanza jaji hakuwepo. Mara ya pili faili haikuonekana. Mara ya tatu ilionekana, na jaji akataka kujua, kwa uso wa mtu anayeuliza kitu cha kawaida, ni nani hasa aliyemkosea mwenzake. Kesi ikaahirishwa ili tukajibu.

Nimepanga vyumba viwili Wandegeya. Nina mlango wangu na komeo lake. Chini kuna mashine za kuchapisha zinazonguruma kutwa, na ng'ambo ya barabara kuna hosteli ya wanafunzi yenye spika kubwa kuliko dirisha. Mke wangu alipokuja kuniletea shuka alisimama katikati ya chumba, akasikiliza, akacheka mpaka ikabidi akae. Ameacha kunipikia, lakini sufuria ile haijapungua, na mara kwa mara napokea bakuli kwa mkono wa jirani au fundi asiyejua kwamba amebeba ushahidi dhidi ya ombi letu.

Jumapili nakwenda Naguru. Juzi nilikuwa nimefika katikati ya habari za mahakama, mzee amefumba macho, nikadhani amesinzia.

"Bado hawajawaachia?" akauliza.

"Bado, Mzee. Wanatafuta kosa."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya nikimsomea juu ya askari waliofanya kazi vibaya. "Sisi," akasema, "tulipewa saa arobaini na nane." Kisha akaniashiria niendelee kusoma.